Na asiyeona anayo amana ya kura

Ndugu zangu Waislamu, Sura Abasa ilishuka kwa ajili ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.). Alikuja kutaka elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na vigogo wa Kikuraishi, na Mwenyezi Mungu (S.W.) akamzindua Mtume Wake. Baadaye Sahaba huyo akawa muadhini wa Madina pamoja na Bilal (r.a.), na Mtume (s.a.w.) alipata kumwacha awaswalishe watu. Hakuwekwa pembeni aonewe huruma. Alikabidhiwa kazi ya umma.

Katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2015, mzee mmoja asiyeona, jirani yangu hapa Dar es Salaam, aliniomba nimpeleke kupiga kura. Alikuwa amejiandikisha Buguruni kabla ya kuhamia Mbagala. Daladala mbili zilitupita. Konda wa ya tatu akalalamika kuwa tunamchelewesha. Tume ilikuwa imeandaa vifaa vya nukta nundu ili asiyeona aweke alama mwenyewe, lakini kituoni tulipofika hakuna aliyejua kilipo. Sheria ilimruhusu kuchagua msaidizi, akanichagua mimi.

Nikaweka alama pale aliponiambia. Akaninong'oneza: "Ustadh, kweli umeweka pale?" Nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu. Akasema: "Nakuamini, mwanangu. Lakini wewe asubuhi ulipopiga yako, hukuhitaji kuapiwa na mtu."

Sikuwa na jibu. Kura ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Mimi niliitekeleza yangu kwa siri na kwa yakini. Mzee wangu alikosa vyote viwili, ilhali kifaa cha kumpa haki hiyo kilikwishatengenezwa.

Na safari je? Asiyeona hawezi kuendesha gari, basi la umma ndiyo miguu yake. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, sakafu ya basi ililingana na jukwaa la kituo, mtu akaingia bila kupanda ngazi. Kumbe inawezekana! Basi bajeti ya usafiri wa umma inapojadiliwa, tusidhani ni mambo ya wahandisi tu. Humo ndimo inamoamuliwa nani atafika sokoni, msikitini na kituo cha kura.

Wapo watakaosema wasioona ni wachache na fedha hazitoshi. Ndugu zangu, Ibn Ummi Maktum alikuwa mmoja, na waliokuwa mbele yake walikuwa wakubwa wa mji. Isitoshe, Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na sheria yetu ikatungwa 2010. Tunachodai ni haki, si sadaka.

Tuwadai viongozi, lakini tuanze na mlango wa msikiti wetu, pale tunaporundika viatu, kisha asiyeona anajikwaa akiitikia adhana ile ile tuliyoisikia sisi.

Wabillahi tawfiq.