Amana ya Mifupa

Macho ni mlango wa kwanza wa elimu. Mtoto huona kabla hajasema, na hushangaa kabla hajauliza. Kitu kikubwa kikisimama mbele yake humfundisha udogo wake bila ya kumdhalilisha. Na kitu cha kale humfundisha kuwa ulimwengu ulikuwapo kabla yake, na utakuwapo baada yake. Kwa sababu hii wazazi wa kila taifa hupenda kuwachukua watoto wao makumbusho siku za mapumziko, hata jua liwe kali namna gani. Walakini katika tendo hili dogo, la mzazi kumshika mwanawe mkono na kumwambia, "Tazama," limefichwa swali kubwa la haki. Je, kuona ni fungu la kila mtu, au ni fungu la yule tu aliyezaliwa karibu na kitu kinachoonwa? Na kama kitu hicho kilitolewa mahali pengine, watu wa huko kilikotoka wana dai gani juu yake?

Mfano ulio wazi wa swali hili ni mnyama wa Tendaguru. Katika mji wa Berlin, nchini Ujerumani, ndani ya makumbusho ya elimu ya viumbe, imesimama mifupa ya dinosaria aitwaye Giraffatitan brancai. Kimo chake ni mita 13.27. Alikuwa mla majani mwenye shingo ndefu kupita kiasi, na aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Watoto wa mji ule hupelekwa kumtazama na baba zao, ambao nao walipelekwa na baba zao, maana mnyama huyu alisimamishwa mwaka 1937. Mifupa yake, hata hivyo, si ya ardhi ya Ujerumani. Ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, kusini mwa Tanzania.

Habari za kuchimbwa kwake zastahili kukumbukwa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa iliyogeuka mawe ikichomoza ardhini. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, ulifanya kazi pale. Nchi ile ilikuwa imetoka tu katika Vita vya Maji Maji, vilivyokwisha mwaka 1907, na baada ya vita ikaja njaa. Watu waliokuwa na makaburi mapya ya ndugu zao waliajiriwa kufukua makaburi ya viumbe ambao hakuna mwanadamu aliyepata kuwaona hai. Wachimbaji walifikia mamia. Mifupa ilifungwa vizuri, ikabebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa hadi Lindi, na huko ikapakiwa merikebuni. Uzito wa yote uliopelekwa Ulaya ulizidi tani 200.

Ajabu ya dunia ni kwamba katika zama zizo hizo, masanduku yalipokuwa yamekwisha kutoka Lindi, masanduku mengine yaliingia Kigoma. Mwaka 1913 meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikakongolewa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaundwa upya kando ya Ziwa Tanganyika, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Mwaka 1924 iliibuliwa na Waingereza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba wavuvi, wachuuzi, maharusi na wagonjwa wa mwambao ule. Hivyo mnyama aliondoka pwani vipande vipande akaunganishwa Ulaya, na meli iliondoka Ulaya vipande vipande ikaunganishwa Kigoma. Vyote viwili vilikuwa mafumbo ya mbao na misumari, na vyote viwili vilisafiri kwa amri ya dola moja.

Sasa ichukuliwe jamaa moja ya Ujiji, kama zilivyo jamaa nyingi. Ni siku ya mwezi wa Septemba, mvua hazijaanza, na mchanga wa njia unachoma nyayo. Baba, mama, bibi na watoto wawili watoka kwenda kutazama makumbusho ya Livingstone, mahali panapokumbukwa kuwa ndipo alipokutana na Stanley mwaka 1871. Hapana safari ndefu. Ni mwendo wa miguu na kivuli cha miembe. Ndani watoto waona sanamu za wageni wawili wakiamkiana. Mtoto mdogo, ambaye ameona picha ya mnyama wa Tendaguru katika kitabu cha shule, azunguka chumba chote kisha auliza, "Bibi, na yule mnyama wa Lindi yuko wapi?"

"Yuko Ulaya, mjukuu wangu."

"Alikwenda kufanya nini?"

"Hakwenda. Alichukuliwa."

Baba aingilia kwa adabu: "Mama, tusimfundishe mtoto uchungu. Wale walimchukua, lakini wao ndio waliomjua. Angalibaki kule, mvua ingalimla, na leo asingalikuwa na jina."

Bibi amesema kweli, na baba amesema kweli. Taabu ya maswali ya haki si kutengana kwa kweli na uongo, kwani hapo mwenye akili huchagua upesi. Taabu huja kweli mbili zinapokaa chini ya mwembe mmoja, kila moja ikitaka kuketi penye kivuli. Basi yafaa kila dai lipimwe kwa mizani yake.

Dai la kwanza ni la kazi: kitu ni cha yule aliyekitolea jasho. Dai hili lina nguvu, maana mifupa iliyolala haisimami yenyewe. Mabingwa wa Berlin walisafisha, walipima, waliunganisha mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja hata kikapatikana kiunzi kimoja, na palipokosekana mfupa walijaza kwa ufundi. Lakini kazi ikifanywa kuwa msingi wa milki, hesabu ya jasho haina budi kuanza mwanzo. Nani aliinamia udongo wa Tendaguru chini ya jua? Nani alibeba? Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wakuu wa msafara wenyewe walisifu maarifa yake. Jina la mnyama mkubwa, brancai, lamtukuza Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyeuandaa msafara akiwa Berlin. Jina la Boheti lilingoja mpaka mwaka 2007, ambapo dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia ilipita kati ya jasho na shukrani. Kwa hiyo dai la kazi halimpi mtu mmoja milki. Laigawanya kwa mikono mingi, na mikono iliyo mingi zaidi haikuwa ya Ulaya.

Dai la pili ni la ardhi: kitu ni cha nchi kilikotoka. Dai hili ni tamu moyoni, na limezungumzwa bungeni na nje ya bunge. Lakini nalo lataka kupimwa. Mnyama huyu alipokuwa akitembea hapakuwa na Tanzania wala Ujerumani. Bara la Afrika lilikuwa bado limeungana na Amerika ya Kusini. Ziwa Tanganyika lenyewe, ambalo wazee wa Ujiji huliona kuwa halina mwanzo, na ambalo kina chake hufika karibu mita 1,470, lakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Mbele ya mnyama huyu ni mtoto mchanga. Basi asemaye, "Ni wetu kwa sababu damu yetu na yake ni ya udongo mmoja," amejivika uzee usio wake. Hata hivyo, hoja hii haimwokoi aliyechukua. Kama mnyama hakuwa wa taifa lo lote kwa kuzaliwa, hakuwa wa Ujerumani pia. Na ardhi alimolala ilikuwa na watu walioilima, ambao utawala wa kigeni haukuwaomba ruhusa ulipoifanya kuwa mali yake. Dhuluma haikuwa juu ya mnyama, ambaye hakuhisi kitu; ilikuwa juu ya watu hao, waliokuwa wenyeji wakafanywa vibarua wa kilima chao wenyewe.

Dai la tatu ni la ubinadamu: kitu cha kale namna hii ni cha watu wote, na Berlin ni mlinzi tu. Neno hili ni zuri, na kwa sababu ya uzuri wake hutumiwa sana. Lakini maneno mazuri ni kama nguo za kuazima. Yafaa kutazama kama yanamwenea anayeyavaa. Ulinzi wa Ulaya haukuwa kamili. Mifupa ya Spinosaurus iliyotolewa Misri na kuwekwa Munich iliteketea kwa mabomu mwaka 1944, na mwaka 1945 sehemu ya jengo la makumbusho ya Berlin lenyewe ilibomolewa kwa mabomu. Mnyama wa Tendaguru alinusurika. Fauka ya hayo, neno "wote" lina pande mbili. Kama mnyama ni wa watu wote, mtoto wa Ujiji yumo katika hao wote. Mwenye kutumia neno hilo wakati wa kushika, akalisahau wakati wa kuonyesha, ameazima lugha ya haki kwa kazi ya choyo.

Lipo pingamizi moja linalostahili jibu. Meli ya Liemba ilikuja kwa amri ya wageni, lakini matumizi yaliigeuza kuwa ya watu wa ziwa. Je, mapenzi ya watoto wa Berlin kwa muda wa vizazi kadhaa hayakumgeuza mnyama kuwa wao vilevile? Mfano huu wafanana kwa juu tu. Papenburg haikupungukiwa na meli. Mafundi wake waliweza kuunda nyingine kesho yake. Mnyama wa Tendaguru hawezi kuundwa tena. Kitu kinachoweza kufanywa upya huhamishwa na mwenyewe asihisi pengo. Kitu kisicho na pacha kikihamishwa huacha shimo. Mapenzi ya Berlin ni ya kweli na yana heshima yake, lakini mapenzi hayafuti deni.

Ikiwa madai yote matatu yamepungua, neno gani lafaa? Kiswahili kina neno lililokomaa kuliko milki, nalo ni amana. Mwenye amana hashutumiwi kwa kukishika kitu. Huulizwa namna anavyokishika. Amana ina masharti matatu: itunzwe, itajwe ni ya nani, na mwenyewe asizuiwe asiifikie. Sharti la kwanza Berlin imelitimiza kwa sehemu kubwa. La pili imelitimiza kwa kuchelewa. La tatu ndilo zito, kwa sababu mtoto wa Ujiji hazuiwi na mlinzi mwenye rungu. Huzuiwa na nauli, na pasipoti, na bahari. Zuio lisilo na mtu ni zuio bado. Mwenye amana aliye mwaminifu hangoji kudaiwa: hupeleka mfano kamili wa kiunzi, hufundisha vijana wa nchi ile elimu ya visukuku, hufungua daftari zake, na penye mfupa unaoweza kurudi salama, huuandalia safari.

Ujiji wenyewe wajua tofauti ya amana na upotevu. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyokwenda pwani, na pembe za ndovu zilipita hapa juu ya vichwa vya watu, baadhi yao wakiwa watumwa. Pembe zile zilikwenda kuwa vitufe vya kinanda na mipira ya michezo katika nyumba za mbali. Hakuna aandikaye leo pembe ipi ilitoka wapi, wala nani aliyeibeba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mifupa ya Tendaguru, kwa upande wake, iliandikwa kwa namba na mahali, na kwa sababu iliandikwa yaweza kudaiwa. Huu ndio ukweli wa baba yule: elimu ilimhifadhia bibi hata haki ya kulalamika.

Lakini deni halina upande mmoja. Anayedai amana lazima awe na pa kuiweka. Kusini-magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya Songwe, wataalamu wamepata dinosaria wengine, na majina yao mtoto ye yote ayasoma bila mkalimani: Shingopana, aliyepewa jina mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mwaka 2019, aliyeitwa kwa jina la mto Mtuka na kwa mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Jina si mfupa, lakini jina ni hatua. Taifa lisilojenga chumba cha kuwekea mifupa inayopatikana leo, wala halifundishi mtoto kuitambua, litadai ya jana kwa sauti kubwa na mikono mitupu.

Basi kuona ni haki, na kila haki ina mlezi. Mlezi wa kwanza ni yule aliyekishika kitu, na mlezi wa pili ni yule anayekingoja. Wa kwanza akisema "changu" amehini, na wa pili akisema "chetu" kisha akalala, amehini pia. Mfupa hauulizi ni wa nani. Ulikaa kimya miaka milioni 150 na waweza kukaa kimya tena. Walio na haja ni walio hai, na miongoni mwao mwenye haja kubwa ni mtoto, ambaye umri wake wa kushangaa ni mfupi kuliko majadiliano ya wakubwa.