Vita Vyetu vya Somalia: Aya Moja, Hatua Tatu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Muyinga. Baada ya swala ya Alasiri, kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinifuata barazani kwa msikiti. Ni askari, na alishapelekwa Somalia mara mbili. Akaniambia: "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma dini. Usiku mmoja walitushambulia kambini, tukapigana nao mpaka karibu na alfajiri. Kulipotulia nikasikia adhana inatoka upande ule ule tuliokuwa tunaupigia risasi. Niambie, niliua Waislamu kwa haki au kwa dhulma?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda nisome. Niliporudi Gitega nikalipeleka swali lake kwenye darsa letu la baada ya Isha, tukagawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema ugaidi ni ufisadi katika ardhi, na kupigana nao popote ulipo ni wajibu. Wa pili walisema jeshi la kigeni litabaki kuwa jeshi la kigeni, na aliyekwenda nchi ya Waislamu kwa mshahara uliotoka Ulaya hana hoja mbele ya Mola wake. Naona pande zote mbili zilijibu haraka mno. Kaka yangu anastahili jibu lililopimwa.

Tuanze na yaliyotokea. Mwezi Juni 2006 Umoja wa Mahakama za Kiislamu uliiteka Mogadishu kutoka kwa wababe wa kivita. Wakati huo al-Shabaab lilikuwa kundi dogo la vijana ndani ya umoja huo. Desemba 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia kuisaidia serikali ya mpito na kuziangusha Mahakama. Mapema 2007 Umoja wa Afrika uliunda ujumbe wa AMISOM, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likauidhinisha. Waganda walitangulia mwezi Machi, na Desemba 2007 kikafika kikosi cha kwanza cha Burundi. Miaka iliyofuata idadi ya askari wetu kule ilipita 5,000. Ujumbe huo ulibadilishwa jina kuwa ATMIS mwaka 2022, ukafungwa mwisho wa 2024. Ule uliochukua nafasi yake haukuwa na Warundi. Ni miaka 17, na familia nyingi za nchi hii zilipokea maiti. Septemba 2009 walilipua makao ya AMISOM penye uwanja wa ndege wa Mogadishu, akafa Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, naibu kamanda wa ujumbe wote. Juni 2015 kambi yetu ya Leego ilivamiwa, na Mei 2022 ile ya El Baraf.

Sasa tuipime kwa dini. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 9, Mwenyezi Mungu anazungumzia makundi mawili ya waumini yanayopigana. Tukiisoma kwa utulivu tunakuta hatua tatu. Kwanza, wapatanisheni. Pili, kundi moja likiendelea kudhulumu baada ya hapo, pigananeni nalo mpaka lirudi kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Tatu, likirudi, wapatanisheni tena, na safari hii kwa uadilifu. Wenye hoja ya kwanza darsani walichukua hatua ya pili peke yake. Wenye hoja ya pili walisahau kwamba hatua hiyo imo ndani ya aya.

Tukiipima Somalia kwa hatua hizo, naona vita vile si kitu kimoja. Ethiopia ilipoingia mwaka 2006, hatua ya sulhu ilikuwa haijamalizwa. Matokeo yake tunayajua. Kundi dogo likapata hoja ya kuita vijana, kwamba nchi imevamiwa, na kwa miaka miwili likakua kuliko wote waliokuwa wakubwa zake. Askari wetu walifika katikati ya hali hiyo, na kwa Msomali wa kawaida haikuwa rahisi kumtofautisha Mrundi na aliyemtangulia. Kama kaka yangu angekwenda mwaka ule wa kwanza, jibu langu kwake lingekuwa zito zaidi.

Lakini mwaka 2008 Wasomali wenyewe walikaa Djibouti wakapatana. Mapema 2009 Ethiopia iliondoka, na Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa Mahakama, akawa rais. Mvamizi katoka, na mwanachuoni wa Mahakama ameshika nchi. Al-Shabaab waliendelea kuua, na sasa waliyekuwa wanampiga ni yule aliyekuwa kiongozi wao jana. Hapo ndipo naona sharti la hatua ya pili lilitimia: sulhu imefanyika, na kundi moja limeikataa kwa bunduki.

Na walimuua nani? Sisi wanafunzi tusisahau Desemba 3, 2009. Katika hoteli ya Shamo, Mogadishu, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir walikuwa kwenye mahafali yao, nchi isiyo na madaktari inapokea madaktari wapya. Mtu akajilipua katikati yao. Wakafa wanafunzi, wazazi, walimu na mawaziri watatu. Al-Shabaab walikana, lakini lawama imebaki juu yao. La Garissa hawakulikana: Aprili 2, 2015 waliingia chuoni, wakawatenga Wakristo na Waislamu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi kama mimi na wewe. Mtu akiniambia hakuna nguvu yoyote inayofaa kutumika kuwazuia watu hao, nitamuuliza angewaambia nini wazazi wale.

Ipo hoja ngumu aliyoitoa dada mmoja darsani. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali Usama bin Zayd (r.a.) kwa kumuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada. Je, hao wa al-Shabaab si wanatamka shahada kila siku? Ni kweli, na kwa hiyo siwezi kuwaita makafiri. Lakini yule wa Usama alitamka akiwa amekwisha kuzidiwa, hana tena anachoweza kufanya. Anayekuja na bomu hajaweka silaha chini. Ali (r.a.) alikutana na jambo hili kabla yetu. Makhawariji walimkufurisha na kumtukana, naye hakuwapiga. Aliwaachia misikiti, na akamtuma Ibn Abbas (r.a.) akajadiliane nao, wengi wakarudi. Alipigana nao Nahrawan mwaka wa 38 Hijria baada ya wao kumwaga damu, walipomuua Abdullah bin Khabbab na mwanamke wake mjamzito. Na imepokewa kwamba alipoulizwa kama ni makafiri, alikataa. Alisema ni ndugu waliotuasi.

Kutokana na mwenendo wa Ali, wanachuoni wa fiq'hi waliweka adabu za kupigana na waasi: anayekimbia hafuatwi, majeruhi hamalizwi, mali yao si ngawira, na wanawake wao hawaguswi. Hapa ndipo hoja ya wale wa kwanza inapoumia, kwa sababu adabu hizo zilivunjwa. Agosti 2021 huko Golweyn askari wa Uganda waliua raia saba, na mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani askari wake. Mwaka 2014 ripoti ya Human Rights Watch iliwatuhumu baadhi ya askari wa Uganda na wa Burundi kwa kuwadhulumu kijinsia wanawake waliokuja kwenye kambi zao Mogadishu kutafuta dawa na maji. Mwenye kusema vita hivi ni vya haki lazima aseme pia kwamba mambo hayo ni dhulma, tena aseme kwa sauti ile ile. Haki ya kuanzisha vita haihalalishi kila kinachofanywa ndani yake.

Suala la mshahara nalo tusilikwepe. Kila askari alihesabiwa zaidi kidogo ya dola 1,000 kwa mwezi, fedha za Umoja wa Ulaya, na serikali ilikata sehemu yake. Kwa askari wa Burundi hizo ni pesa nyingi, na sote tunazijua nyumba zilizojengwa kwazo. Mwaka 2016, kwa sababu ya mzozo wa kisiasa wa hapa kwetu, Ulaya ilikataa fedha zipitie mikononi mwa serikali, askari wakakaa miezi bila malipo, na Januari 2017 serikali ikatishia kuwarudisha. Mimi simlaumu askari anayelisha watoto wake. Amali ni kwa nia, na nia mbili zinaweza kukaa katika kifua kimoja. Lakini dola inayotuma vijana wafe inapaswa kujiuliza: fedha zile zisingekuwepo, tungekwenda?

Kuna kipimo kingine, nacho kinatuhusu sisi Warundi kuliko wengine. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Desemba 2015, damu ilipokuwa inamwagika Bujumbura, Umoja wa Afrika uliamua kuleta askari 5,000 hapa kuwalinda raia. Serikali yetu ilisema watakaoingia watahesabiwa wavamizi na watapigwa. Mwezi uliofuata mpango ule ukaachwa. Wakati huo huo maelfu ya askari wetu walikuwa Somalia chini ya bendera ya Umoja huo huo wa Afrika. Wapo watakaosema hali si moja, kwani serikali ya Somalia iliridhia na ya kwetu haikuridhia. Ni tofauti ya kweli, na kwangu ridhaa ni sharti la kwanza. Ila siku zile zilitufundisha jinsi mtu anavyojisikia akiambiwa jeshi la wengine linakuja mtaani kwake kumletea amani. Msomali naye alijisikia hivyo hivyo, na kwa miaka 17.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuingia kijeshi nchi ya watu kupigana na ugaidi kunaweza kuwa haki, ikiwa wenye nchi wameomba, ikiwa sulhu imejaribiwa kweli na ikakataliwa kwa silaha, na ikiwa mipaka ya vita inalindwa. Tangu 2009 masharti mawili ya kwanza yalikuwepo Somalia, na la tatu lilivunjwa mara kwa mara. Lakini aya haikuishia kwenye hatua ya pili. Jeshi liliweza kuwaondoa al-Shabaab Mogadishu mwezi Agosti 2011, na hilo ni jema. Halikuweza kumaliza walichokuwa wanawaambia vijana. Mwaka 2017 lori moja la mabomu liliua mamia ya watu mji ule ule. Hata Nahrawan Ali alishinda, na miaka miwili baadaye akauawa na Khariji mmoja. Ukibaki kwenye hatua ya pili miaka 17 bila kuielekea ya tatu, unaiacha aya njiani. Serikali yetu iliitimiza ya pili kwa damu ya watoto wetu, na sioni kama yeyote, Ulaya, Addis Ababa au Bujumbura, aliitumikia ya tatu hata kwa robo ya juhudi hiyo.

Hatua hiyo ya tatu inatuhusu wanafunzi pia. Ibn Abbas hakwenda kwa Makhawariji na upanga, alikwenda na elimu, na waliorudi kwa maneno yake hawakuhitaji kuuawa. Sisi tunaosoma dini Gitega leo, je, tunaweza kukaa na kijana wa Muyinga aliyetumiwa video za kumwita jihadini, tukamjibu aya kwa aya? Tukishindwa, siku moja atatumwa askari kumjibu.

Nilimpigia kaka simu. Nilimwambia hivi: "Kaka, aliyekujia usiku na bunduki ulikuwa na haki ya kumzuia, hata kama ni Mwislamu. Aliyepigwa na risasi yako naye hana silaha, muombee na umuombe Mola wako msamaha, kwa sababu hujui." Alikaa kimya kidogo, akasema: "Basi nitawaombea wote." Nami sikuwa na neno la kuongeza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.