Kontena la Kwala na msafara wa Makuraishi

 

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua bandari kavu ya Kwala, Kibaha, Julai 31, 2025, vijana wenye maduka ninaowasomesha fiqhi ya biashara wananiuliza: ustadh, nasi sasa tutaagiza mzigo wenyewe moja kwa moja?

Ndugu zangu, reli hufikisha kontena Kwala, haikuzi duka. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo kama 33. Mwenye maduka kumi hulijaza peke yake. Mwenye fremu moja ana mzigo wa mita mbili. Kiwanda hakimtazami, na gharama ya wakala wa forodha haipungui kwa sababu ya udogo wake. Basi hununua Kariakoo kwa mwagizaji, au humkabidhi mkusanyaji mizigo kule Guangzhou, nyaraka zikatoka kwa jina la mkusanyaji. Siku mtu wa TRA akija, hana karatasi ya kumwonyesha.

Wapo wanaosema mkubwa anayeagiza moja kwa moja anafanya talaqqi, yaani kuipokea misafara njiani, jambo alilolikataza Mtume (s.a.w.). Mimi sioni hivyo. Katazo lile lilimlinda muuzaji asiyejua bei ya soko, ndiyo maana akapewa khiyari akishafika sokoni. Kiwanda cha China kinaijua bei kuliko sisi! Kosa la mkubwa lingekuja pale atakapohodhi bidhaa ili ipande bei.

Tuutazame msafara wa Abu Sufyan uliotoka Sham mwaka wa 2 Hijria. Wanasira wanaeleza kuwa karibu kila nyumba ya Makuraishi ilikuwa na fungu ndani yake, hata wenye mali kidogo. Walikuwa washirikina, lakini shirka ya mali waliijua. Sisi tunaoisoma darasani, watu kumi wa mtaa mmoja tunashindwa kujaza kontena moja, kwa kuwa tunaogopana. Suratul Baqara aya ya 282 imeamuru deni liandikwe, dogo au kubwa. Sisi tukiambiwa tuandikiane tunanuna.

Wasajili jina moja la biashara, nyaraka zitoke kwa jina hilo, na kila mtu aandikiwe mtaji wake. Faida, kwetu Mashafii, hufuata mtaji. Hasara nayo ni hivyo hivyo, na katika hilo la hasara madhehebu hayakukhitalifiana.