Usiguse Kipanya

Kijana wa kisa hiki hana jina, na ofisi iliyomwajiri haina jina. Kisa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Makosa yaliyomo ndiyo ya kweli, na yalifanywa na mafundi wengi katika miaka ile ambayo intaneti ilipita kwenye waya wa simu na kupiga kelele kabla ya kuingia.

Tumwite Fundi, kama alivyoitwa Kibondo nzima. Kwao ni Kasanda, kata ambayo tangu wilaya ya Kakonko iundwe mwaka 2012 imehesabiwa huko, ila wakati ule ilikuwa ya Kibondo. Alijifunza kompyuta Mwanza, akarudi na seti ya bisibisi na heshima iliyozidi umri wake. Heshima hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na hata marufuku ilipolegezwa, miaka mingi ilipita kabla mashine hizo hazijaonekana katika ofisi za wilayani. Mtu aliyefungua kifuniko cha kompyuta, akatia mkono ndani na kuutoa salama, nani angethubutu kumuuliza swali?

Ni mwishoni mwa miaka ya 1990. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993. Mwaka 1996 vita vikawaka Kongo. Kambi za Kibondo na Kasulu zimejaa wakimbizi, mashirika yamewafuata, na kila shirika linadaiwa ripoti na makao makuu. Ofisi yetu ilikuwa na laini ya TTCL, kampuni iliyozaliwa mwaka 1994 baada ya shirika la posta na simu kugawanywa. Umeme ulikuwa wa jenereta, maana gridi ya taifa ilikuwa bado haijafika mkoa wa Kigoma. Kisha ikaletwa kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, na pamoja nayo modemu ya kuchomeka ndani, kadi tupu kwenye mfuko wa plastiki, bila kijitabu cha maelezo.

Kuichomeka hakukumshinda. Alizima, akachomoa waya wa umeme, akagusa kwanza chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini ushuke, kwani ilikuwa Agosti, hewa kavu, na shati lake la nailoni. Akaisukuma kadi katika nafasi yake hadi ikakaa, akakaza skrubu. Mpaka hapo hana lawama.

Kadi za zamani hazikujipanga zenyewe. Zilikuwa na safu za vijiti vya chuma, na juu ya vijiti vibano vidogo vya plastiki vilivyoitwa jampa. Kwa kuhamisha jampa uliiambia kadi mambo mawili: itumie lango gani kati ya COM1 na COM4, na itakapotaka kusikilizwa na prosesa ibishe hodi kwa namba ipi. Namba hiyo ya hodi ndiyo IRQ. Tatizo ni kwamba malango yalikuwa manne lakini hodi zake, kwa kawaida, mbili tu. COM1 na COM3 zilitumia namba 4. COM2 na COM4 zilitumia namba 3.

Kipanya kilichomekwa COM1. Fundi akatazama, akaona COM1 ina mwenyewe, COM2 iko kwenye ubao mama, COM3 haina mtu. Akaiweka modemu COM3. Lango lilikuwa wazi kweli. Hodi ndiyo iliyokuwa ya mwenzake, na katika mashine za aina ile vifaa viwili havikuweza kubisha hodi moja vikasikilizwa vyote.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Aliandika AT, modemu ikajibu OK. Alipojaribu kupiga Dar es Salaam ikasema haisikii mlio wa laini, kwa kuwa ilitengenezwa kutambua mlio wa simu za nchi nyingine. Fundi akaongeza X3 kwenye amri ya kuanzia, ipige bila kuusubiri mlio. Akaongeza pia muda wa kusubiri kwa S7, maana simu ya masafa marefu huchelewa kushika. Mafundi waliojua hayo hawakuwa wengi, na tumpe haki yake. Modemu ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikashika. Watu wakapiga makofi. Karani akasogeza kipanya ili afungue barua, na skrini ikaganda.

Wakajaribu tena, ikaganda tena. Baada ya kuhangaika Fundi akabaini kuwa mtu asipogusa kipanya tangu modemu inapopiga hadi inapokata, barua zinakwenda. Hapo ndipo alipotakiwa kujiuliza kwa nini. Angefungua orodha ya vifaa kwenye Windows, angeona namba 4 ina wadai wawili. Angeingia kwenye BIOS akaizima COM2 ya ubaoni, ambayo haikuwa na kazi yoyote, kisha akahamisha jampa ili modemu ichukue lango hilo na hodi yake, namba 3. Ni kazi ndogo. Yeye akachukua karatasi na kalamu nene, akaandika: USIGUSE KIPANYA MODEMU INAPOPIGA. Akaibandika ukutani.

Sina ugomvi na njia ya mkato. Fundi wa wilayani asiye na njia ya mkato atalala njaa. Ugomvi wangu ni na kilichofuata. Karani alimuuliza, “Kaka Fundi, kwa nini tusiguse?” Naye, ambaye hakujua jibu na hakutaka ijulikane kuwa hajui, akasema, “Dada, mitambo hii ni nyeti. Ukigusa utaiharibu, na mimi kesho niko Kasulu.” Kazi zilikuwa zimemwita huko.

Katazo likaanza kukua. Septemba lilikuwa la kipanya. Oktoba, wageni waliohamia ofisini walikuta hakiruhusiwi kuguswa chochote kilicho juu ya meza ile. Mfagizi aliruka kona hiyo, vumbi likajaa. Ilipofika Novemba hakuna aliyekumbuka katazo lilianzaje, na waya wa simu nyuma ya kompyuta ulikuwa umeingia kwenye orodha ya miiko pamoja na vingine vyote.

Novemba ni mvua. Buha, nchi ya Waha, inanyeshewa hadi Mei, na mvua zake zina radi. Mashariki ya Kongo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Karani alilelewa katika hali hiyo. Alijua mawingu meusi yakitanda redio inazimwa na waya wa antena unachomolewa. Alasiri ilipoanza kunguruma akamwagiza mlinzi azime jenereta. Akaenda nyuma ya kompyuta, akanyoosha mkono kuchomoa waya wa simu, akaiona ile karatasi, akaurudisha mkono.

Radi haikuipiga ofisi. Ilipiga mahali fulani karibu na nguzo za simu, na hiyo ilitosha. Waya mrefu unaoning'inia juu ya nguzo huokota nguvu hiyo na kuipeleka kokote unakoishia. Kuzima jenereta hakukusaidia kitu. Nguvu iliingia kwa soketi ya simu, ikapita kwenye kadi, na kwa kuwa kadi imekaa juu ya ubao mama, ikaendelea humo ikitafuta njia ya kwenda ardhini. Asubuhi chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Modemu imekufa, ubao umekufa. Mjini wapo waliosema radi ile imetumwa. Kutumwa ilitumwa, tena kwa waya wa simu.

Ripoti ya mwezi huo ilitiwa kwenye bahasha, ikaenda Kigoma kwa basi na Dar es Salaam kwa treni.

Fundi alipoitwa kutoka Kasulu aliingia na salamu ya Kiha, “Mwakeye”, ya unyonge. Alifungua boksi, akanusa, akafunga. Safari hii ofisi ilinunua ubao mwingine na modemu ya nje, ya kuchomeka kwenye lango la nyuma, isiyo na jampa. Haizuii radi, ila radi ikija huanza na kiboksi hicho kabla ya kufika kwenye ubao. Akaichomeka COM2, na kipanya kikatembea huku modemu ikipiga.

Karani hakupiga makofi. Alifungua kaunta buku, akaweka vocha ya malipo ya Fundi chini yake, akampa kalamu. “Andika, kaka. Kipi kiko lango lipi, namba ngapi, waya upi unachomolewa mvua ikija, na kwa nini. Hiyo ya kwa nini uandike ndefu.” Fundi akaandika ukurasa mmoja. Karani akausoma, akarudisha daftari: hajaelewa kwa nini soketi za simu kwenye modemu ni mbili. Akaandika tena.