Haki ya Jirani wa Upande wa Upepo

Ni neno la kawaida katika vinywa vya wenye mashamba kwamba shamba ni la mwenyewe, naye hufanya ndani yake apendavyo. Neno hili lina kweli, kwani sharia imemlinda mtu katika mali yake kama ilivyomlinda katika damu yake na heshima yake. Walakini kweli hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe huonekana wazi katika mikorosho ya Newala na Masasi, ambako wamo watu wa pwani, wa Lindi na Mikindani na Mtwara, wenye mashamba yao au waliyoachiwa na wazee wao, na wengine hununua mazao yake.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Masasi iko chini yake upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Juu ya uwanda ule udongo ni wa mchanga. Mvua inyeshapo maji huzama, wala hayakai, hata yaje kutokeza chini mabondeni. Ndiyo sababu tangu zamani wanawake wa huko walikuwa wakishuka mteremko alfajiri na kuupanda tena na mitungi vichwani, na ndiyo sababu watu hukinga maji ya mvua yatokayo paani na kuyahifadhi katika visima walivyovichimba karibu na nyumba zao. Khabari hii ya maji haikutajwa bure, kwani uchache wa maji una sehemu kubwa katika kisa cha salfa.

Mkorosho si mti wa asili wa nchi hii; asili yake ni Brazil, nao uliletwa Afrika ya Mashariki na Wareno. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000 za korosho. Ulipofika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu hazikuwa moja. Watu walihamishwa kwenda kukaa vijijini, wakawa mbali na miti yao, na mashamba yakageuka pori. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ambao hulifunika ua la mkorosho kwa unga mweupe likanyauka kabla ya kuzaa. Dawa iliyopatikana ni salfa. Ni unga mkavu, hupulizwa kwa mashine, wala hauhitaji maji. Na dawa nyingi nyingine zataka kuchanganywa na maji. Nani atakayeunywesha mkorosho maji ambayo mtoto wake anayangoja? Basi salfa ikashika, miti ikazaa, na nyumba nyingi zikaezekwa bati kwa fedha zake. Asemaye kwamba ni haramu kwa kila hali hajui asemalo.

Lakini unga ni unga. Mashine huurusha juu ya kilele cha mti, na sehemu yake hutua juu ya majani na maua. Iliyobaki huchukuliwa na upepo mpaka shamba la pili, na juu ya mabati ambayo mvua ya kwanza itayaosha, na machoni na vifuani mwa watu. Na inayoanguka chini hugeuka tindikali ndani ya udongo. Wataalamu waliopima udongo wa mikoroshoni katika miaka ya 1990 waliona kwamba uchachu wake huzidi kwa salfa, na udongo wa mchanga kama ule wa Makonde hauna nguvu ya kuushinda.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamelisema jambo hili zamani, ingawa hawakuuona mkorosho. Imamu Nawawi katika Minhaj ameweka asili yake: kila mwenye milki huitumia kwa kadiri ya ada, na akipita kiasi hudhamini. Kwa asili hiyo mtu ana ruhusa kuigeuza nyumba yake iliyo katikati ya mtaa kuwa hamamu, au duka lake katika soko la nguo kuwa mahali pa kufulia chuma, maadamu amejihadhari na kuzitia nguvu kuta zake. Na katika mlango wa moto wamepambanua. Mwenye kuwasha moto katika shamba lake kwa kiasi cha ada, hali upepo umetulia, kisha upepo ukazuka, halipi kilichoungua kwa jirani. Ama mwenye kuwasha siku ya upepo mkali, hulipa. Moto ni ule ule, na shamba ni lile lile. Kilichobadilisha hukumu ni upepo aliouona kwa macho yake naye asijali.

Salfa haiko mbali na moto huo. Wakati wake unajulikana: alfajiri, umande ukiwa bado majanini, na upepo umelala. Kiasi chake nacho kinajulikana, robo ya kilo kwa mti kwa kila mara. Apulizaye saa hiyo na kwa kiasi hicho amefuata ada ya kazi yake. Apulizaye saa nne, mikuti ikiyumba, hana udhuru.

Yuko atakayesema kwamba hakukusudia mabaya. Ni kweli, wala hata wale wa merikebu hawakukusudia. Mtume (s.a.w.) amepiga mfano wa watu waliopigiana kura katika chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wale wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wenzao wa juu, wakaona ni adabu kutoboa tundu katika fungu lao ili wasiwaudhi. Mabaharia wa pwani hawahitaji kuelezwa mwisho wake. Yafaa kutazamwa kwamba nia yao ilikuwa njema, na haja yao ilikuwa maji, kama ilivyo haja ya watu wa Newala.

Na upepo huenda pande zote mbili. Mbegu za ubwiriunga hazionekani kwa macho, nazo hurushwa kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima. Mtu aliyerithi mikorosho mia, akaiacha bila kufyekwa wala kupogolewa wala kutiwa dawa, huku yeye akikaa kitako barazani Mikindani, amemfanya jirani atie salfa maradufu. Huenda kadhi asimlipishe, maana hakutenda kitu. Lakini si kila asiyelipishwa na kadhi ametoka katika dhima. Aliyeshindwa kulitunza na akodishe, au amuachie mwingine kwa sehemu ya mazao.

Kuna jirani mwingine asiyeweza kuja kushitaki, naye ni atakayelima ardhi ile baada ya mikorosho kuzeeka, akakuta mahindi hayaoti vizuri. Dawa yake ni chokaa, inayoupunguza uchachu, na kubadilisha salfa kwa dawa za maji kila maji yapatikanapo, na kupanda miche iliyochaguliwa na watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, ambayo huustahimili ugonjwa. Yote yana gharama. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya korosho, kama mshahara na gunia, na asiyeihesabu amehesabu faida isiyo yake.

Kabla ya jirani, salfa humfikia kwanza kijana aliyebeba mashine mgongoni. Mara nyingi hufungwa kitambaa tu puani, na macho yake huwa mekundu mpaka jioni. Jua likipanda na upepo ukianza, miti ikiwa imebaki kumi, hana amri ya kuizima mashine, hasa ikiwa ni ya kukodi kwa siku. Amri hiyo iko kwa mwenye shamba, naye yuko mjini. Basi yampasa amwambie tangu siku ya kuagana, mbele ya shahidi, kwamba upepo ukianza azime, na ujira wake wa siku hiyo haupungui.