Nyumba Isiyorithiwa na Wanaume

Je, marehemu ana haki ya kumfungia mlango aliye hai? Swali hili nimelipata kwa nyumba ninayoijua kwa picha tu: A La Ronde, mjini Exmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Waliijenga mabinamu wawili, Jane na Mary Parminter, katika miaka ya 1790. Hawakuolewa. Walikuwa wamezunguka Ulaya kwa miaka kadhaa, wakarudi na kujenga nyumba ya pande 16 karibu na bahari, kisha wakaipamba kwa mikono yao. Manyoya ya ndege yakapangwa ukutani yakawa mapambo. Juu kabisa kuna roshani iliyojaa makombe ya bahari, mawe, mifupa na vipande vya vyombo vilivyovunjika.

Jane alifariki mwaka 1811. Mary alipofariki mwaka 1849, aliacha wasia: nyumba irithiwe na wanawake wa ukoo wao tu, tena wasioolewa. Ukiolewa, unatoka.

Si huo ni ubaguzi? Ni ubaguzi, tusiupake rangi. Kaka ananyimwa kwa kuwa mwanamume, na dada anachagua kati ya mume na paa. Lakini hebu uliza nani alianza kufunga milango. Enzi hizo, kwa sheria ya Uingereza, mwanamke akiolewa, mumewe ndiye aliyeshika nyumba yake na mapato yake. Bila wasia ule, harusi moja tu ingetosha makombe yale kupata bwana mpya.

Msimamo wangu ni huu: kumfungia mtu mlango kunaweza kuwa haki ikiwa kunamkinga mwingine na dhuluma. Dhuluma ikiisha, kufuli nayo ifunguliwe. Mwaka 1882 Bunge la Uingereza lilimruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 nyumba ikaangukia mikononi mwa mwanamume, kasisi Oswald Reichel. Aliondoa nyasi za paa akaweka vigae, akaongeza madirisha. Makombe yakabaki.

Hata hivyo, kuna dhuluma ambayo bunge haliwezi kuifuta. Hapa Nairobi, dada asiyeolewa akinunua makochi ya maana bado anaulizwa, "Kwani hutapata kwako?" Kana kwamba anapoishi ni stendi tu ya kungojea matatu. Jane na Mary hawakungojea kwao. Walipaita kwao, wakaanza kubandika kombe moja baada ya lingine.

Tangu 1991 nyumba inatunzwa na shirika la National Trust. Makombe yamekuwa dhaifu mno, kwa hiyo wageni hawapandi roshani ile. Wanaitazama kupitia kamera. Kufuli hiyo sina ugomvi nayo. Inatufungia sote, wake kwa waume, na tunajua inalinda nini.