Kadari na Volti Mbili

Katika Rusizi, wilaya ambayo wazee wengi wangali wakiiita Cyangugu, mtu atokaye Huye usiku hupita msitu wa Nyungwe, ambamo barabara hupinda kona baada ya kona na ukungu hushuka ghafula juu ya lami. Na gari likitumbukia bondeni huko, neno la kwanza lisikikalo matangani ni kwamba kadari haina kinga. Siikani kadari. Lakini kwa miaka kadhaa nimejiuliza ni kiasi gani cha yale tunayomsukumia Mwenyezi Mungu kilichokuwa mikononi mwetu.

Taa za gari langu zilikuwa hafifu mithili ya koroboi. Nilivumilia, na uvumilivu huo nikauita tawakali. Kisha nikaazimia kununua balbu za wati 100 mahali pa zile za wati 55, nikidhani kwamba aliyepungukiwa na nuru amepungukiwa na balbu. Fundi mmoja wa umeme wa magari pale Kamembe akanizuia. Aliwasha injini na taa, akagusisha ncha mbili za mita yake kwenye betri, ikasoma volti 14; akazihamishia kwenye soketi nyuma ya taa, ikasoma 12. "Mwalimu," akasema, "balbu yako haina hatia. Ina njaa."

Volti mbili zile zilipotelea njiani: katika waya mwembamba uliozunguka hadi kwenye swichi ndipo urudi mbele, katika viungio vilivyoota kutu, na katika ethi iliyofungwa juu ya rangi na tope. Nuru ya balbu ya uzi haipungui sawa na umeme upunguavyo, bali zaidi sana. Ipungukiwapo na sehemu moja ya saba ya volti, hupoteza karibu sehemu mbili katika tano za mwanga wake. Na lau ningalitia balbu za wati 100, zingalivuta umeme karibu maradufu katika waya uleule dhaifu, nao ungalipata moto hata plastiki yake ikayeyuka. Dawa ilikuwa rilei mbili, waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi kando yake, na ethi iliyosuguliwa kwa msasa hadi chuma kikang'aa. Swichi ikabaki na kazi ya kuamuru, isibebe mzigo. Balbu zilikuwa zilezile.

Wanachuoni wamejadili kadari na hiari ya mja kwa karne nyingi, nami si miongoni mwao. Ila nathubutu kusema kwamba mja hana haki ya kuitaja kadari kabla hajaitia mita.

Wala haki ya nuru haiishii kwa mwenye gari. Malori yatokayo Dar es Salaam yameundwa kwa nchi ipitayo kushoto, na taa zake huelemea upande huo. Yakiingia Rwanda, ambako twapita kulia, mwanga ule huangukia macho ya ajaye. Fiqhi yatufunza kwamba madhara huondolewa, wala hayaondolewi kwa madhara mengine. Basi balbu kali inionyeshayo ukingo wa barabara huku ikimpofusha mwenzangu, sijui niiite nuru kwa dalili gani.

Juma lililofuata nilimpakia mzee mmoja wa Bugarama. Tulipofika Kitabi, kwenye mlango wa msitu, giza lilikwisha kuingia. "Mwanangu," akaniambia, "Mungu ndiye mlinzi wa njia." Nikaitikia amina, kisha nikashuka na kitambaa kufuta tope kwenye vioo vya taa.